Ming'oko kwa Wageni wa Noela

Noela alipomwambia baba yake kwamba wenzake wa chuo watakuja Jumamosi kula ming'oko, Leonardi aliweka patasi chini. Mchonga vinyago huyu wa Gongo la Mboto alimlea binti yake peke yake tangu mkewe alipofariki, na hakuna kitu alichojivunia kama Noela.

"Hivi kweli, mwanangu? Nimekusomesha ukajifunze njaa?"

"Si njaa, Baba. Tunasoma vyakula vya asili. Jinsi watu walivyokula wakashiba, na msitu ukabaki."

Leonardi aliokota patasi, akaendelea kuchonga. Kwao Newala, mwaka mmoja wa utoto wake mvua ilipogoma, mama yake aliingia porini kuwachimbia ming'oko, mizizi myembamba ya mwituni, na shuleni watoto wa wenye maduka wakambatiza "Mla Mizizi". Jina lile lilimkaa moyoni hadi leo. Hakutaka limpate binti yake.

Basi Jumamosi, Noela akiwa jikoni anachemsha ming'oko aliyotumiwa na shangazi yake, Leonardi akatoka kimyakimya, akarudi na chipsi kuku. Wageni wakafika, Mudathir na Clara, wakamwamkia, wakaketi mkekani. Akawawekea kuku mbele yao.

Noela alitoka na sinia lake, akaona. Machozi yakamlengalenga.

"Baba, unanionea aibu?"

"Wewe? Hata siku moja! Naogopa wasikucheke. Mie walinicheka kwa kula mizizi ya porini."

Mudathir akanawa mikono, akachukua mng'oko, akaumenya, akauchovya kwenye chumvi na pilipili. Akatafuna. Akachukua mwingine, na wa tatu, mpaka Clara akamvuta mkono.

"Tubakizie na sie! Mzee, huko porini mlikuwa mnaitambuaje?"

Leonardi alimtazama vizuri, hakuona kejeli. Akaanza taratibu: shina linalotambaa, udongo wa kichanga, mama yake aliyekifukia tena kichwa cha mzizi ili kichipue mwakani, na wimbo aliouimba akifukia. Wimbo huo Noela hakuwahi kuusikia. Akasogea, akaketi bega kwa bega na baba yake, naye Leonardi akauimba wote kwa Kimakonde, macho kayafumba.

Wageni walipoondoka, Leonardi alimpigia dada yake Newala.

"Tuma gunia zima na basi. Ndiyo, gunia! Wanafunzi wa chuo wanakula, wewe!" Akacheka. "Na mie nakula."