Mkono Wenye Bangili Nyekundu

Mama yangu aliosha vyombo katika bwalo la chuo kwa miaka kumi na tisa. Ametutoka mwezi wa nne huu, nami naandika nisije nikasahau.

Nilipomaliza kidato cha nne niliungana naye, yeye kwenye karo la kuoshea, mimi la kusuuzia. Mbele yetu palikuwa na dirisha la chini ambalo wanafunzi walipitishia sahani walizolia. Nyuso hatukuziona, tuliona mikono tu. Mama alimjua kila mmoja kwa mkono wake na kwa alichobakiza.

"Huyu ana mafua," angesema. "Chakula hajagusa, ila ndimu ameifyonza mpaka ganda."

"Mama, osha vyombo. Waganga wako zahanati."

"Wewe suuza, kabla mdomo haujaota povu."

Wiki ya majaribio, mkono wenye bangili ya shanga nyekundu ulianza kurudisha sahani kama ilivyopakuliwa. Siku ya kwanza Mama aliikagua tu sahani. Ya pili aliguna. Ya tatu kijiko kiliuponyoka mkono ule, kikaangukia karoni.

Kesho yake, chakula cha mchana kilipoanza tu, Mama alivua glavu.

"Unakwenda wapi?"

"Kumtafuta mwenye mkono."

Waosha vyombo hatukuruhusiwa ukumbini wakati wa chakula. Alitoka hivyo hivyo, aproni ikichuruzika maji, akapita meza kwa meza akikagua mikono ya watu. Mimi nilichungulia dirishani, aibu imenijaa. Akamdaka binti mmoja mnene mwenye bangili ile, shavu limetuna kwa tonge.

"Mwanangu, mbona huli?"

Meza nzima ikaangua kicheko. "Huyu, mama? Huyu tunamficha sahani zetu!"

"Bangili nimeazima leo kwa mwenzangu wa chumbani," binti akasema. Kisha akaacha kucheka. "Yeye yuko chumbani anasoma. Siku tatu hajalala, anakunywa kahawa tu."

Mama akamfuata mpaka bwenini. Mwenye bangili alikuwa kainamia daftari, macho mekundu.

"Siwezi kula, mama, kinarudi. Na nikilala nitafeli. Jaribio ni saa nane."

"Hebu niandikie jina lako hapa."

Kalamu ikamponyoka mara mbili. Hapo hakubisha tena, akakubali kushikwa kiuno mpaka zahanati. Muuguzi alimpa uji mwepesi kidogo kidogo, akamlaza. "Nusu saa tu," binti akasihi. "Mama, niamshe." Mama akaitikia.

Nusu saa ikapita. Mama alimtazama, akashindwa kumwamsha. Binti alizinduka saa kumi.

"Umeniharibia!" akalia. "Nilikuambia uniamshe! Wewe ni nani hata uniamulie?"

Mama aliniambia baadaye kwamba neno lile lilimchoma kwa sababu lilikuwa la haki. Hakujitetea. Alichukua cheti cha muuguzi, wakaenda hadi ofisi ya mwalimu wa somo. Binti akabaki kwenye benchi la nje, akifuta machozi.

"Wewe ndiye mama yake?" mwalimu akauliza, akiitazama aproni.

"Hapana, mwalimu. Mimi namwoshea sahani."

"Na jaribio langu linakuhusu nini?"

"Aliniomba nimwamshe, sikumwamsha. Kosa ni langu. Kama ni sifuri, niandikie mimi."

Mwalimu alijizuia, kisha akacheka mpaka akavua miwani. Alisoma cheti mara mbili. "Jumatatu, saa tatu. Lakini mwambie aje amelala na amekula, la sivyo nitamrudisha."

Mama alitoka mbio kumpa habari njema. Binti alikuwa amesinzia tena, shingo imepinda. Basi akaketi kando yake, akakivuta kile kichwa begani kwake, akangoja.

Vyombo vya jioni niliviosha peke yangu, nikinung'unika mpaka mpishi mkuu akaniambia nifunge domo. Mama alirudi bwalo limeshafungwa, bega moja la gauni limelowa udenda wa mtoto wa watu.

"Ameamka mwenyewe, nikampa habari ya Jumatatu, akacheka," akaniambia, kama mtu anayeleta habari za uzazi. "Halafu akaomba chakula. Nimemwacha anakula na mwenzake."

Nilimwambia mgongo unaniuma, akacheka, akaupapasa. Yeye mwenyewe alikuwa hajatia kitu mdomoni tangu asubuhi, nami sikumuuliza.