Bastola Saba na Kifua Kimoja

Saa kumi alasiri, king'ora cha zamu kilipolia, Tata Tshilombo alitandika gunia juu ya meza, akamwomba mkewe mafuta ya cherehani, akanyimwa, akayachukua mwenyewe, kisha akaanza kusafisha bastola zake. Zilikuwa saba, zote kuukuu, zile zenye kigurudumu cha matundu sita cha kutilia risasi. Vigurudumu viwili tu ndivyo vilivyokuwa bado vinazunguka, na hata hivyo kwa kubembelezwa.

Alikuwa amestaafu mwezi wa tano, mwaka 1953, baada ya miaka ishirini na sita ya kutoboa mwamba katika mgodi wa shaba wa kampuni. Kalombo, muuguzi wa zahanati ya Kapata, mtaa wa nyumba za wafanyakazi, alimshauri atafute kazi nyepesi ya mikono, asije akaganda kitini kama wazee wengine. Wenzake walifuga njiwa. Tshilombo alitaka kitu kisichokula. Siku moja sokoni akaona Kabedi, muuza karanga, amekandamiza karatasi zake za kufungia kwa bastola iliyooza kwa kutu, akampa chupa mbili tupu, wakabadilishana. Hivyo ndivyo ilivyoanza. Ya pili ilitoka Lubudi, mkulima aliigonga kwa jembe akichimba muhogo, akaituma kwa treni ikiwa imefungwa katika jani la mgomba. Nyingine ilikuwa imezuia mlango wa katekista usijifunge tangu kabla ya vita. Zilizobaki alizifuata kwa miguu mwenyewe, mlango kwa mlango, na kila baada ya nyumba tatu alisimama, akashika ukuta, akasubiri pumzi imfikie.

Mtu mweusi kukutwa na bastola miaka ile ilikuwa safari ya moja kwa moja gerezani. Kwa hiyo Tshilombo hakusubiri kukutwa. Alizitia katika kikapu, akazifunika kwa kitambaa cha mkewe, akazipeleka kwa Mzungu mtawala wa wilaya. Yule bwana alichungulia kila mtutu, akaona mchwa katika mmoja wao, akaamuru kila bastola ifungwe kibandiko chenye muhuri wa RÉFORMÉ, yaani chombo kilichokwisha kazi. Ni muhuri huohuo uliopigwa kwenye kitabu cha kazi cha Tshilombo siku aliyostaafu.

"Sasa shiye bote tuko bandugu," Tshilombo alimwambia mkewe aliporudi, akacheka mpaka kikohozi kikamkalisha chini.

Mkewe, Mama Kanku, hakucheka. Yeye alikuwa anaifikiria nyumba. Sheria ya nyumba za kampuni ilikuwa fupi: anayestaafu anahama ndani ya miezi mitatu, ila aliyeharibiwa kifua na kazi anaachwa akae karibu na hospitali mpaka siku zake ziishe. Na Tshilombo kifua kilikuwa kimeharibika, hilo hata mbuzi wa jirani walilijua. Lakini karatasi ya daktari ilisema tumbako. Tshilombo hajawahi kuweka tumbako mdomoni maisha yake yote, harufu yake tu inamtapisha.

Kosa lilikuwa la neno moja. Siku ya kupimwa, daktari Mzungu aliuliza kwa Kifaransa kama mgonjwa anavuta sigara, na Kalombo muuguzi, aliyekuwa na foleni ya watu arobaini mlangoni, akafupisha.

"Tata, unavutaka?"

"Ndiyo," Tshilombo akajibu. Shimoni watu wote husema kuvuta vumbi. "Miaka makumi mbili na sita navutaka. Kila siku."

Kalombo akatafsiri, daktari akaandika kwa wino: tumbako, miaka ishirini na sita, mapafu hayana kosa la kazi. Wino ukakauka. Mwisho wa mwezi wa nane walitakiwa wapande treni kurudi kwao Kasai, kwenye kijiji ambako kila aliyewajua alikwisha kufa. Na binti yao wa pekee, Elise, amelala katika makaburi ya Kapata. Mama Kanku alikuwa akienda kufagia pale kila Jumamosi, na wazo la kuiacha ile sehemu kwa majani lilimuuma kuliko njaa.

Basi Jumanne moja ya mwezi wa sita, bastola ya Lubudi ilikohoa.

Mama Kanku alikuwa amekaa kwenye cherehani. Alikitambua kikohozi: vishindo vitatu vifupi, kimoja kirefu, na mluzi mwembamba mwishoni. Alikuwa amelala kando yake miaka tisa.

"Ni weye?" alimwuliza mumewe.

"Apana. Ni hii."

"Bon. Ambia yeye afunge kinywa. Niko nashona nguo ya batu."

Kutoka kwenye mtutu lilimwagika vumbi la kijivu lenye chembe za kijani, kiasi cha kijiko. Kesho yake ikakohoa ile ya Kabedi, na kufikia Jumapili zote saba zilikuwa zikipokezana, moja ikimaliza nyingine inaanza, kwa adabu. Tshilombo mwenyewe akaacha kukohoa. Pumzi ilibaki ileile fupi, na ngazi tatu za kanisa bado zilimshinda, ila kelele ilikuwa imehama. Majirani waliizoea upesi. Mke wa karani Kisimba, nyumba ya pili, aliacha kutazama saa. Bastola zikianza tu jioni, anabandika maji ya ugali.

Tshilombo alilikusanya vumbi katika tini ya maziwa. Lilipojaa akavaa koti la Jumapili, akaenda zahanati, na safari hii alisema polepole na kwa maneno mengi.

"Kalombo, mwana wangu, ambia docteur muzuri. Mi sivutake fwaka, ile tumbako. Mi nilivuta vumbi. Vumbi yenyewe ni hii. Mi siwezi kukohoa tena, kyuma inakohoa mu nafasi yangu."

Kalombo alitafsiri yote bila kuruka neno, kwa sababu kosa la kwanza lilikuwa limemnyima raha. Daktari alichota vumbi kwa kidole, akalinusa. Alikubali kwamba tumbako huacha majivu na hili halikuwa jivu. Aliuliza bastola zinakohoa mara ngapi kwa siku, akaandika jibu. Halafu akasema yeye ni daktari wa watu, mambo ya mawe yana ofisi yake, akaandika barua kwenda maabara.

Walisubiri majuma matatu. Mama Kanku alipanda mbegu za nyanya nyuma ya nyumba, jambo ambalo mtu anayehama halifanyi. Tshilombo alimwona akimwagilia, naye akaanza kuamini.

Jibu lililetwa Ijumaa na Kisimba, karani wa ghala la madini, ambaye alikaa kwenye ukingo wa kiti akiwa ameshika kofia.

"Tata, laboratoire inajibu. Vumbi ni ya mugodi yetu kabisa. Shaba ni ine kwa kila mia, na cobalt kidogo. Banasema ni muzuri kupita mawe ya mugodi ya mwezi uliopita."

"Unasikia, Kanku!" Tshilombo akapiga meza. "Ni vumbi ya mugodi!"

"Ndiyo, tata. Njo maana iko mali ya kampuni." Kisimba alisema hivyo akiangalia sakafu. "Kila Ijumaa mi nitakuya kubeba tini. Na kifuniko, ili isimwangike."

Akatoa fomu. Madini yote yanayoingia ghalani lazima yaandikiwe mahali yalikochimbwa, na Kisimba alikuwa karani asiyejua kuandika uongo. Katika mstari ule alikuwa ameandika kwa herufi nzuri: *Kifua cha Tshilombo, Kapata*. Mhandisi alikuwa ameshaweka sahihi chini yake.

Tshilombo aliisoma mara mbili. Furaha ilimpanda mpaka masikioni.

"Sasa peleka hii kwa docteur. Atengeneze karatasi yangu."

"Tata, docteur iko bureau ingine, ofisi ya batu."

"Bureau ni ya kampuni moya!"

"Ni ya kampuni moya. Lakini hii ni karatasi ya mawe. Kwa docteur banapokeaka karatasi ya batu tu. Nilijaribu, tata. Balinirudishia."

Mama Kanku alitoka nje. Tshilombo alimsikia akimwagilia nyanya zake, muda mrefu kuliko nyanya zinavyohitaji. Yeye alibaki mezani, na hasira aliyokuwa nayo ilimtosha kupasua mwamba, ila hakuwa na pumzi ya kuitolea.

Siku ya mwisho ya mwezi wa nane iliangukia Jumatatu. Asubuhi Mama Kanku alifagia kaburi la Elise, akaeleza pale mambo yanayomhusu Elise peke yake, akarudi na vumbi la makaburi miguuni bila kulipangusa. Mkokoteni wa stesheni ulikuwa umeshapakiwa cherehani, vyungu, na sanduku la bastola lililokuwa likikohoa ndani kwa sauti ya chini. Kisimba alifika kuchukua tini, hakungoja Ijumaa. Alieleza kwamba tini zijazo zitumwe kwa treni, na kwamba kwa kuwa ni mali ya kampuni, reli haitadai nauli. Akaomba radhi, na hakuna aliyemlaumu.

Wenye nyumba wapya walikuwa wameshafika: Mbuyu, mtoboaji mwamba wa miaka ishirini na minne, kifua kipana kama mlango, na mkewe Valérie, ambaye aliziona nyanya na kuzifurahia. Mbuyu alibeba kitanda peke yake bila kuhema.

Tshilombo alimpenda. Akafungua sanduku, akatoa ile bastola ya Lubudi, akaitundika kwenye msumari kando ya dirisha.

"Nakuachia hii."

"Aksanti, tata, lakini mi siko mugonjwa," Mbuyu alisema. "Miaka mbili tu njo niko natoboa. Sijakohoa hata siku moya."

"Acha tu ikae pale."

Wote wanne walikuwa wamefika mlangoni na Kisimba amebaki mezani akifunga kifuniko cha tini, bastola ilipokohoa. Mara moja tu, kavu, kwa nguvu, bila mluzi. Vumbi kidogo likadondoka kwenye kizingiti cha dirisha, laini kama chumvi.

Mama Kanku alitega sikio.

"Hii si yako," alimwambia mumewe.

"Si yangu."

Kisimba alirudisha tini mezani. Alifungua mkoba wake, akatoa fomu safi ya madini, akalowesha ncha ya kalamu kwa ulimi, na kumwomba Mbuyu ataje majina yake yote, polepole, herufi kwa herufi. Mbuyu akayataja.