Herufi R Ndani ya Pete

"Angalia ndani," Muzee Obeid aliniambia. "Nje kila mutu anaona. We angalia ndani."

Akanipa kile kioo chake kidogo cha kubana jichoni. Mimi, ambaye sikuwahi kukishika, nikakibana vibaya, nikaona kope zangu tu. Nikacheka. Yeye hakucheka. Alikaa nyuma ya meza yake ya kazi, mikono juu ya magoti, akinitazama kama mutu anayesubiri majibu ya hospitali. Nikajiuliza ana nini leo, huyu sonara ambaye kwa kawaida hanyamazi hata ukimlipa.

Ilikuwa mtaani Bwiza, mwaka 1996, mwaka wa ambargo, nchi jirani zilipotufungia mipaka. Asubuhi ile risasi zilikuwa zimelia upande wa Kinama, zikanyamaza, na watu wakatoka tena kununua mandazi. Ndivyo tulivyoishi. Mlio ukiwa mbali unaendelea na safari yako. Ukikaribia unaingia mlango wowote ulio wazi na kumsalimu mwenye nyumba.

Nilikuja kuichukua pete yangu ya harusi. Loïc, mchumba wangu, alikuwa bandarini kwenye kazi yake ya kutoa mizigo, lakini hata angekuwa na nafasi nisingemtuma. Nilitaka kuikagua mwenyewe. Nilikuwa na jambo moja la kuhakikisha: kwamba jina la Loïc limechongwa kwa L.

Msicheke. Kirundi hakina L, na ulimi wetu ukikutana nayo unaigeuza R bila kuomba ruhusa. Mimi naitwa Nella, lakini bibi yangu alikufa akiniita Nera. Loïc mwenyewe, mtaani kwao, ni Roiki. Na pete ya dada yangu Médiatrice, iliyotengenezwa dukani humu humu miaka mitatu nyuma, ilitoka na jina la mumewe limeandikwa SYRVERE. Fundi Méthode, aliyekuwa akichonga majina hapo kwa Obeid, aliandika kama alivyosikia, na alisikia kama alivyozoea kusema.

Siku ile Mama aliwaka. Alitaka lifutwe palepale, liandikwe upya. Sylvère ndiye aliyekataa.

"Acheni, Mama," alisema. "Mama aliyenizaa ananiita hivyo hivyo. Ni mimi huyo."

Tulicheka mpaka machozi. Tangu siku hiyo hakuna aliyemwita Sylvère tena nyumbani kwetu. Alikuwa Syrvère, na akiitwa hivyo alisimama wima kama askari, kutuchekesha.

Aliuawa Kamenge mwaka 1995. Yeye tulimwona, tukamzika. Médiatrice, aliyekuwa naye, hatukumwona, si mzima wala maiti. Wengine walisema alikimbilia milimani, wengine walisema mambo ambayo sitayarudia. Mwaka mzima Mama alikataa lango lifungwe kwa kufuli usiku, katika mji ambao hata mbuzi walilala ndani na watu. "Akija usiku atagonga nani amsikie?" alikuwa akisema, na mimi nililala na panga chini ya kitanda kwa ajili ya lango hilo.

Lakini msiba usiofungwa haufungui harusi. Kwetu, mpaka familia ikae, ndugu waitwe, watu wanywe na kuzungumza na kuganduka, yaani kutoka kilioni, hakuna mwana wa nyumba hiyo anayeolewa. Mimi ndiye niliyesema: tugandukeni, Médiatrice amekufa. Siombi msamaha mpaka leo. Nilikuwa msichana mwenye mchumba, na vita havikuwa na mpango wa kunisubiri. Mwezi wa sita tukaganduka. Baba mdogo alisema maneno yake, watu wakashusha chupa, wakaenda. Kesho yake Mama alikwenda sokoni peke yake, akarudi na kufuli kubwa ya Kichina, akaitundika langoni kwa mkono wake.

Basi nikakibana kile kioo tena, safari hii vizuri. Nje pete ilikuwa nzuri, na nakshi ya msokoto kama nilivyoomba. Ndani nikasoma L. Kisha O, I, C. Nikashusha pumzi.

"Sawa, Muzee. L ni L."

"Zungusha," akasema.

"Nimeona jina."

"Binti yangu, zungusha."

Nikazungusha. Upande wa pili, kinyume na jina la Loïc, dhahabu haikuwa laini. Kulikuwa na vivuli, kama maandishi ya chaki yaliyofutwa kwa kiganja. Nikaigeuzia mwanga wa mlangoni. S. Nikadhani ni alama ya fundi. Halafu Y. Halafu R, imesimama wazi kuliko zote, mguu wake mmoja umenyooka mbele.

Duniani kulikuwa na pete moja tu yenye kosa hilo.

Wakati huohuo mlio ukasikika karibu, karibu kweli, na watu wakaanza kukimbia barabarani. Obeid aliruka, akavuta chini mlango wa chuma, na duka likawa giza isipokuwa ile taa ya mezani. Tulibaki sisi wawili na pete. Nje mutu alipita akipiga mabati kwa mkono, kila mlango, paa, paa, paa, halafu kimya. Sikuogopa. Hasira ilikuwa imechukua nafasi yote.

"Umeinunua kwa nani?"

Alirudi kukaa nyuma ya meza, akaweka tena mikono juu ya magoti.

"Muzee Obeid, nakuuliza. Pete ya dada yangu umeinunua kwa nani?"

Siku zile kila mutu alijua kulikuwa na wanaume waliotembea na pete za waliouawa mifukoni. Waliuza popote. Na masonara waliyeyusha, hawakuuliza. Huyu hakuyeyusha hata! Alinichongea jina la mume wangu juu ya kaburi la dada yangu, akanipa na kioo nilione.

"Siwezi kusema," alisema.

"Huwezi ao hutaki?"

"Niliapa. Niliweka mkono juu ya Msahafu nikaapa sitasema."

Nyundo yake ndogo ilikuwa pale mezani na nikajikuta nimeishika. Nilitaka kuvunja nini sijui. Kioo cha kabati, taa, yeye. Alinitazama tu, akasema taratibu:

"Niliapa sitasema. Sikuapa nitafuta. Kazi ya kufuta herufi zile ni dakika mbili, Nella. Unafikiri mi fundi mubovu kiasi hicho?"

Nyundo ikawa nzito mkononi.

"Sasa weka hiyo chini," aliendelea, "na uangalie tena. Tafuta mahali ilipokatwa."

"Ilipokatwa namna gani?"

"Kidole cha maiti kinavimba. Pete haitoki. Zile wanazotuletea zinakuja zimekatwa, ao..." Alitazama vidole vyangu. "Na pete iliyokatwa, ukiunga, kiungo kinabaki. Mutu anaweza kukificha kwa macho, si kwa kioo hicho. Tafuta."

Nimekagua vitu vingi maishani mwangu. Nimekagua watoto wangu walipozaliwa, vidole vyote. Nimekagua barua za benki na nyumba za kupanga. Sijawahi kukagua kitu kama nilivyoikagua pete ile, chini ya taa yenye balbu dhaifu, bunduki zikizungumza mtaa wa pili. Niliegemeza mkono mezani. Nikaanza kwenye S, nikaenda polepole. Nikaona mstari mwembamba, mweusi, umekata dhahabu toka ukingo mpaka ukingo. Nilitoa sauti. Obeid akainama, akapuliza, na mstari ukaondoka. Ulikuwa unywele wangu.

Nikaanza upya. Nikapita V, nikapita mahali herufi zilipofifia, nikapita LOIC, nikarudi kwenye S. Hakukuwa na kiungo. Nikageuza, nikafuata upande wa nje, katikati ya msokoto. Hakuna.

"Niliitanua tu kwa nyundo," alisema Obeid. "Vidole vyako vinene kuliko vyake."

Médiatrice alikuwa akiniambia hivyo hivyo, kwamba nina vidole vya muhogo. Nikaanza kulia, lakini nililia kwa hasira bado, kwa sababu kichwa changu hakikukubali kudanganywa.

"Hata mutu aliye hai ananyang'anywa pete," nikasema. "Anatishwa kisu, anatoa. Halafu wanamuua. Hii haionyeshi kitu."

Obeid alikuwa amefika mwisho wa kile ambacho pete ingeweza kumsemea.

Ndipo pazia la nyuma likafunguliwa. Alikuwa mkewe, Thuwaiba, tunayemwita Mama Rayan, mwanamke mnene mwenye sauti ya sokoni, ambaye nilidhani hayupo.

"Obeid, we uliapa," alisema. "Mi sikuapa kwa mutu."

"Thuwaiba!"

"Thuwaiba nini? Mutoto wa watu anakufa mbele yangu." Akaja akakaa kando yangu, akanishika goti. "Alikuja hapa mwezi wa saba, mchana. Amejifunika ushungi, nikajua ni Muislamu mwenzetu wa Buyenzi, mpaka aliposema. Mwembamba sana. Pete ilikataa kutoka, na vidole vyenyewe vimebaki mifupa, lakini kifundo cha kidole kilivimba kwa kazi. Mi ndiye nilimupeleka kwenye robine ya maji, nikamupa sabuni. Alivuta huku anaitukana. Halafu ilipotoka akaibusu."

"Mwezi wa saba," nikasema. "Mwezi wa sita tuliganduka."

"Alijua."

"Alijua namna gani?"

Mama Rayan alimtazama mumewe kwanza. "Alifika kwenu, Nella. Jioni. Akakuta kufuli langoni."

Nje kulikuwa kimya sasa, kile kimya kinachofuata, wakati kila mutu nyuma ya mlango wake anahesabu watu wake.

"Hakugonga. Jirani mumoja ndiye alimuambia mumeganduka. Na we ujue, hakuwa wa kukaa. Wale waliomuua Sylvère aliwaona uso, nao wanajua aliwaona. Walikuwa wanamutafuta. Alikuwa anakwenda Ruziba kungoja mutumbwi wa Kigoma, na ziwa wakati huu unalijua, wanapigwa risasi humo humo majini. Akasema: 'Mama amekwisha kulia. Nikimuamsha leo, kesho nizame, atanizika mara ya pili. Apana. Mara moja inatosha.' Ndiyo akamuapisha huyu."

"Akasema pete isiyeyushwe," Obeid aliongeza kwa sauti ndogo, na hapo kiapo chake kikaisha. "Ningemuuzia nani mwingine?"

Alifungua mlango wa chuma baada ya muda mrefu. Akaniambia nifikirie vizuri kabla ya kumwambia mama yangu, kwamba sasa amana ni yangu. Nikamwambia, kwa heshima zote, kwamba mimi sikuapishwa na mutu, na kwamba Médiatrice tangu utotoni alikuwa na tabia ya kuamulia watu. Nikavaa pete nikaenda.

Nilimkuta Mama uani anachambua mchele. Nilipanga maneno njia nzima, na yote yalinitoka kwa mkupuo mmoja: pete, R, sabuni, Kigoma, kufuli. Hilo la kufuli nilitaka kulificha na nikashindwa. Aliendelea kuchambua. Vidole vyake vilitoa kijiwe kimoja, cha pili, akavitupa kando. Nikafikiri labda hakusikia, au labda nimemuua.

Mwishowe akauliza, "Alikuwa na viatu?"

Sikujua. Nilikuwa nimekagua kila kitu siku ile, na hilo sikuuliza.

Kesho yake asubuhi nikarudi Bwiza. Kwenye bariera kijana mwenye bunduki akaniuliza nakwenda wapi, nikasema kwa sonara, pete inanibana. Mama Rayan aliposikia swali alishika mdomo.

"Alikuja peku," alisema. "Mi ningemuachaje aende peku? Aliondoka na vyangu, vile vya plastiki vya buluu. Vilimuzidi kidogo."

Nikabeba jibu hilo mpaka nyumbani kama chungu cha maji kilichojaa. Mama alilisikiliza, akasema vikubwa si vibaya, anaweza kuweka kitambaa mbele. Jioni, kabla ya saa ya kujifungia ndani, nilitoka kufunga lango. Kufuli haikuwepo. Nikatafuta kwenye msumari wake, chini ya benchi, kwenye majani.

"Usiitafute," Mama aliniambia kutoka ndani.

Niliolewa mwezi uliofuata. Loïc nilimwonyesha herufi zile, na mpaka leo anawaambia watu kwamba katika ndoa yake kuna mwanaume mwingine, anaitwa Syrvère. Miaka ilipita, mingine mibaya kuliko ule, na lango la Mama lilibaki limesukumwa tu. Wezi waliingia mara mbili. Mara ya pili waliiba hata mchele.

Kufuli mpya iliwekwa mwaka 2004. Aliyeitundika alishuka na watu waliorudi kutoka Kigoma, mwembamba bado, mvi mbele, na mfuko mmoja. Alilisukuma lile lango kwa mguu, akasimama uani, akatutazama sote, mama yake, mimi, wanangu ambao hakuwajua. Kabla ya machozi, kabla ya lolote, dada yangu alitugombeza.

"Munalala lango wazi? Mu mji huu? Kweli muna akili?"