Wali wa Watu Wanane

Jumatatu nilimwaga wali. Jumanne nikamwaga wali na maharage. Jumatano nilifungua jokofu nikakuta makopo manne ya siagi, yote yana viporo na hakuna lenye siagi, nikakaa sakafuni nikacheka kwa hasira.

Mimi ni fundi cherehani. Kila gauni ninaloshona nalipeleka mtaa wa pili likafungwe kingo, nami nalipia. Sasa fundi mwenzangu anahama, anauza mashine yake ya ovaloki, hiyo ya kufunga kingo, na amenipa hadi mwisho wa mwezi. Lakini kila senti ninayoibana inaishia sokoni, kisha jokofuni, kisha jalalani.

Nyumbani tuko watatu: mimi, mume wangu fundi bomba, na mama yake, aliyelea watoto wanane na ambaye mkono wake haujapata habari kwamba saba wameshahama.

"Mama, wali umezidi kidogo," nilimwambia kwa adabu zote za mkwe.

"Umezidi? Humwoni mumeo anavyodonoa? Chakula changu hakimpendezi. Kesho naongeza viazi, achague mwenyewe."

Achague! Kesho yake bwana akala vijiko vitano, akajinyoosha, akasema tamu sana mama, nimeshiba. Nikaficha sufuria kubwa. Mama akapikia ile ndogo, mara mbili.

Ijumaa nilimpelekea mteja suruali, karibu na jengo anakofunga mabomba mume wangu. Saa kumi na moja jioni. Nikamkuta kibarazani na wenzake, sahani imejaa pomoni, anapangusa mchuzi kwa kidole.

"Karibu shemeji!" wakanipokea. "Bwana wako huyu anakula kama anahama kesho!"

Yeye akameza tonge bila kutafuna.

"Kila siku?" nikamuuliza pembeni.

"Tunachanga pesa ya chakula, mke wangu. Nikikataa wataniita bahili."

"Na mama humwambii?"

"Ataumia. Anapika kwa moyo."

"Analipikia pipa la taka! Umwambie leo, au nimwambie mimi, na unanijua."

Akamwambia, mezani, macho kwenye bakuli. Mama mkwe akaweka mwiko chini. Nilijiandaa kwa machozi.

"Mwezi mzima nakonda kwa mawazo," akasema, "nadhani mkono wangu umepoteza ladha. Naongeza kitunguu, naongeza nyanya. Kumbe dume zima linakuja hapa limeshiba!" Kisha akanigeukia. "Na wewe unayemwaga, ukaja kuniambia umezidi kidogo? Kidogo! Wateja unawachana mchana kweupe, kwangu ulimi ukaukunja wa nini?"



"Nilitaka mashine, mama," nikasema tu.

"Mashine gani?"

Nikamweleza. Hakuna aliyewahi kumwambia. Mume wangu akafungua mdomo.

"Funga. Wewe umeshiba," mama akamkatiza. "Pesa ya kibarazani, hadi mwezi uishe, umpe mkeo. Wakikuita bahili, itika."

Tangu siku hiyo anapima wali kwa kikombe, akinung'unika kwamba vikombe viwili ni chakula cha kuku. Saa kumi na moja kamili anapiga simu kazini kwa mwanawe, sauti juu, wenzake wote wanasikia: "Umekula au hujala? Usinidanganye, jiko bado sijawasha!"

Mashine ililetwa siku ya mwisho ya mwezi, saa mbili tu kabla fundi mwenzangu hajapakia mizigo. Mama akaizunguka, akaigusa.

"Kubwa hivi," akasema, "kwa watu watatu?"