Kikao cha Kutafuta Chanzo

Kikao cha kutafuta chanzo cha ugonjwa wa fundi cherehani kilianza saa tatu asubuhi, sebuleni kwa mama mkwe wake. Kufikia saa sita vyanzo vilikuwa saba na, ajabu ya Mungu, vyote vilikuwa makosa yake.

Wifi yake alileta hoja ya viatu virefu. Baba mdogo wa mume, ambaye hajawahi kushona hata kifungo, alieleza kwa kirefu jinsi kukanyaga cherehani kunavyogandisha damu mguuni. Mume alinyamaza, kazi aliyoimudu vizuri tangu siku ya harusi.

"Mimba tatu zimetoka," alisema mama mkwe, kana kwamba fundi alikuwa hajapata taarifa. "Hii ya nne haiguswi na dawa mpaka tujue chanzo. Ndio utaratibu wa ukoo huu."

Boksi la sindano za fundi za kuzuia damu isigande mama mkwe alikuwa amelipakata. Alimnyang'anya jana, na sindano ya jana haikuchomwa.

"Daktari alishaeleza, mama," alisema fundi. "Kinga ya mwili wangu imekosea, inaushambulia mwili wenyewe. Damu inaganda ovyo, mtoto tumboni hapati chakula. Kwa nini ilianza, hawajui hasa. Labda nilizaliwa na udhaifu huo, labda kuna maambukizi yaliyouamsha. Hakuna aliyefanya kosa."

Wajumbe walitazamana. Hakuna aliyefanya kosa? Watu wametoka mbali, wameacha shughuli zao, halafu waambiwe hakuna wa kulaumiwa?

"Huyo daktari bado kijana," baba mdogo alikata shauri. "Tuendelee."

Fundi aliogopa. Kwa miaka sita hakuwahi kumpinga mkwewe hata kwa kukunja uso. Lakini saa ya ukutani ilikuwa inakwenda, na hofu ya kumpoteza na huyu ilimzidi nguvu. Aliinuka, akalitwaa boksi mapajani mwa mama mkwe bila kuomba, akarudi kuketi. Akapandisha blauzi mbele yao wote, akabana ngozi ya tumbo, akajichoma taratibu. Baba mdogo aligeukia ukutani haraka.

"Jamani, mwanangu," mama mkwe alinong'ona, "mbele ya wakwe zako?"

Fundi alishusha blauzi, akafuta machozi kwa kiganja.

"Zile tatu zilitoka nikiwa na heshima zangu zote, mama," alisema. "Haya, endeleeni na kikao."