Siku Oleta Alipovua Besi Weupe

Oleta Prewitt alikuwa amekwisha kumvisha baba yake viatu, kumfunga vifungo vya koti na kumkalisha kitini barazani, kofia ya uvuvi kichwani, ndipo simu yake ilipotoa mlio. Ulikuwa ujumbe wa Kendall, mdogo wake. Kazi zimembana, aliandika. Amwambie Baba watakwenda ziwani wiki ijayo.

"Ni Kendall?" mzee aliuliza bila kugeuka. Macho yake yalikuwa barabarani.

"Ndiye. Haji."

"Kijana ana kazi."

"Wiki ijayo hiyo ameiimba tangu theluji iyeyuke, Baba."

"Nimesema ana kazi."

Oleta aliitia simu mfukoni, akakaza meno. Yeye naye alikuwa na kazi. Siku za shule aliendesha basi la wanafunzi, akiamka kabla ya majogoo, na katikati ya kwenda na kurudi alipita nyumbani kumwogesha mzee, kumkatia nyama na kumtazama asianguke chooni. Mzee Orvil alikuwa amepigwa na kiharusi mwaka uliopita. Mkono wa kulia ulikufa, mguu ukalegea, lakini ulimi ulipona wote, hata ukaongezeka. Alipoletwa kuishi kwa binti yake, mashua yake alimpa Kendall, kwa ahadi ya mdomo tu kwamba Kendall atakuwa akimchukua ziwani. Oleta alipewa mawaidha ya jinsi ya kuchemsha yai.

Na huo ndio ulikuwa wakati wenyewe. Katika pembe ile ya Oklahoma, miti ya porini inapochanua maua ya zambarau kabla hata ya kuota majani, samaki waitwao besi weupe hujikusanya makundi makundi kwenye Ziwa Tallow, na watu huacha kukata nyasi, huacha hata kanisa, wakaenda kuwavua. Orvil hakuwahi kuyakosa majira hayo hata mwaka mmoja mpaka kiharusi kilipomkamata.

"Tutakwenda sisi," Oleta alisema.

"Sisi nani?"

"Mimi na wewe. Vifaa vyako viko gereji."

Mzee alicheka kwa upande mmoja wa mdomo, ule uliobaki mzima. "Wewe hujui hata ndoano inaingia majini kwa upande gani."

"Na hilo ni kosa la nani?"

Mzee alirudisha macho barabarani. Na Oleta hakuhitaji jibu, kwa kuwa alilijua tangu utotoni. Alimwomba baba yake ampeleke ziwani, akaomba tena, hata akachimba nyungunyungu na kuwajaza kwenye kopo ili aonekane wa maana. Akaambiwa wanawake wana maneno mengi, samaki hukimbia. Mwaka uliofuata Kendall alipelekwa, na Kendall wakati huo alikuwa bado anakojoa kitandani.

Alimpakia mzee kwenye pikapu kama mtu anavyopakia kabati, akaweka fimbo ya kuvulia, kasha la barafu na kiti cha kukunja nyuma, akaondoka kwa kasi iliyomfanya baba yake ashike mlango.

Walifika kwenye rasi ya mawe ambako gari liliweza kushuka karibu na maji. Upepo ulikuwa ukivuma kutoka ziwani kuja ufukweni, na mzee, pamoja na ubaya wa hali yake, aliinua pua akaunusa.

"Pazuri," alisema. "Upepo unasukuma dagaa huku. Dagaa wakija, besi wanakuja. Nipe hicho kisanduku."

Alichagua kwa mkono wa kushoto chambo cha bandia: tone la madini ya risasi lenye ndoano, na mkia mweupe laini uliofanana na dagaa mdogo. Kukifunga hakuweza. Aliifinya ncha ya mshipi kwa meno, ikamponyoka, akaifinya tena, kisha akamrushia Oleta kila kitu mapajani.

"Pitisha hapo. Zungusha. Si hivyo. Zungusha mara nyingi, unafunga samaki, hufungi kiatu. Lowesha kwa mate kabla ya kukaza. Mungu wangu, mwanamke wa miaka hamsini hajui fundo."

Oleta alikaza fundo mpaka mshipi ukamkata kidole.

Mrusho wa kwanza ulianguka miguuni pake. Wa pili ulikwenda juu ukanasa kwenye tawi.

"Ziwa liko mbele yako," mzee alisema. "Wale juu ni kunguru."

Aliukata mshipi, akafunga chambo kingine. Akarusha. Sasa kilikwenda mbali, akaanza kuzungusha rili, ile roda ya kukunjia mshipi.

"Polepole mno. Unamlaza mtoto?"

Akaongeza kasi.

"Sasa unakimbiza mwizi. Acha kizame kidogo kwanza, ndipo uvute mfululizo. Ncha ya fimbo juu. Juu, Oleta. Kendall alijua haya kabla hajajua kusoma."

"Kendall alifundishwa."

"Kendall alikuwa na akili ya kitu hiki. Kuna watu wanazaliwa nayo. Wewe mama yako alikuharibu na mambo ya jikoni."

Oleta alizungusha mshipi wote mpaka chambo kikagonga ncha ya fimbo. Akaja mbele ya kiti cha baba yake, akailaza ile fimbo juu ya mapaja yake, juu ya mkono uliokufa.

"Basi vua," alisema. "Vua mwenyewe."

Mzee aliitazama fimbo. Hakuigusa.

Oleta aliingia ndani ya pikapu na kufunga mlango. Akamimina kahawa kutoka kwenye chupa, nusu ikamwagikia suruali. Alitegemea kwamba akikaa kidogo atamhurumia, lakini huruma haikuja. Kupitia kioo aliuona mgongo wa baba yake na kofia yake, na alichokifikiria ni zile soksi alizomvisha asubuhi akiwa amepiga magoti, jinsi mzee alivyosema zimepinda, na jinsi alivyozivua na kuzivisha upya. Shukrani ya punda ni mateke, watu husema. Lakini punda hakumzaa mtu, Oleta aliwaza, wala hakumwacha barazani na kopo la nyungunyungu.

Alikuwa angali anakoroga hasira zake pamoja na ile kahawa alipoona shakwe. Walikuja kutoka katikati ya ziwa, weupe, wakilia na kujitupa majini. Chini yao maji yalikuwa yakichemka. Alidhani ni upepo. Kisha akaona dagaa wakiruka juu kama mvua inayonyesha kwenda mbinguni, na nyuma yao migongo ya fedha ikipasua maji.

Mzee alikuwa amejaribu kusimama. Fimbo ilikuwa imeanguka kwenye mawe, naye alikuwa ameinama akiitafuta kwa mkono wa kushoto, haifikii. Kundi lote la besi lilikuwa mbele yake, umbali wa kutupa jiwe.

"Oleta," aliita.

Oleta alikaa tu.

"Oleta, mama. Njoo. Tafadhali."

Neno hilo hakuwahi kulisikia kinywani mwa baba yake, si kwa mama yake wala kwa mhubiri. Alishuka. Si kwamba hasira ilikuwa imekwisha. Alitaka samaki.

"Usirushe katikati yao, utawatisha," mzee alisema kwa sauti ya chini, haraka haraka, sauti ambayo labda Kendall ndiye aliyekuwa akiisikia miaka yote. "Rusha nyuma ya kundi, uvute kipite ndani."

Alirusha. Chambo kiliangukia ng'ambo ya povu. Alizungusha mara chache tu, kitu kikaikamata fimbo na kuikunja mpaka akadhani amenasa kisiki. Kisiki kikakimbia.

"Usilegeze. Mwache apigane, lakini usilegeze."

Alimvuta mpaka kwenye mawe: samaki mpana wa fedha, mgongo umeinuka, mistari myeusi ubavuni kama iliyochorwa kwa kalamu. Alimshika vibaya, miiba ya mgongoni ikamchoma kiganja. Damu ilitoka, naye hakujali. Akamtia kwenye kasha la barafu, akarusha tena. Akapata tena. Kila aliporusha alipata. Mikono ilijua sasa. Haikumngoja mzee aseme. Baba yake alikuwa akipiga paja kwa mkono mmoja, akicheka, na kwa kitambo hicho Oleta alikuwa mtu mwenye furaha, hata kama asingelikiri mbele ya yeyote.

Ndipo mngurumo ukasikika. Mashua ilizunguka rasi kwa kasi ikiwafuata wale shakwe, ikapita moja kwa moja katikati ya kundi, na maji yaliyokuwa yakichemka yakatulia. Samaki walizama wote. Shakwe walitawanyika.

Ilikuwa mashua ya kijani, ile ile ya baba yake. Oleta aliitambua kabla mwendeshaji hajazima injini. Ndani yake walikuwamo wanaume watatu, makopo ya bia miguuni, na aliyeshika usukani alikuwa Kendall.

Kendall naye aliwaona. Akavua kofia, akaivaa tena.

"Nilimaliza kazi mapema," alisema juu ya maji.

Mmoja wa rafiki zake alitazama chini. Kasha lao lilikuwa wazi, na samaki waliojaa ndani yake hawakuwa wa kuvuliwa kwa muda mfupi.

Oleta alimgeukia baba yake. Alisubiri. Huyu mtu aliyejua kumtukana binti yake kwa fundo moja, sasa amfungulie mdomo mwanawe. Mzee Orvil alikuwa ameinua mkono wake mzima, uso umechangamka.

"Kendall," aliita. "Umewaona? Walikuwa hapa hapa. Dada yako amebahatika akawapata kadhaa."

"Amebahatika," Oleta alirudia.

"Sasa usianze. Kijana amepata nafasi kidogo, amekuja."

"Hakuja, Baba. Alikuwa huku tangu asubuhi. Alikudanganya wewe, ukiwa umevaa kofia unamsubiri. Na wewe unamchekea."

"Dada, tusiongee haya mbele za watu," Kendall alisema.

"Leta mashua ufukweni."

"Kuna mawe, itakwaruzika."

"Ilete."

Aliileta. Oleta alifungua mlango wa pikapu, akatoa mkoba wa dawa za mzee, akatoa fimbo ya kutembelea, akavipanga kwenye jiwe mbele ya mdogo wake.

"Vidonge vyeupe ni vya kula na chakula. Nyama umkatie ndogo ndogo. Usiku huamka, umshike kwapani, si mkononi. Soksi zisipinde, atakwambia. Shule inafunguliwa Jumatatu. Mlete siku hiyo jioni nikisharudi."

"Dada, nina wageni."

"Nawaona. Wana mikono, watakusaidia kumpandisha."

Mzee alikuwa akimtazama kama mtu aliyeamshwa ghafla. "Oleta, wale samaki je?"

"Ni wangu."

Alibeba kasha na fimbo ya kuvulia, akavitupa nyuma ya gari, akaondoka. Kiganja kilimuuma njia nzima. Usiku ule alikaanga besi kwa unga wa mahindi, baada ya kukata ile nyama nyekundu ya ubavuni inayowapa harufu, akala peke yake, simu ikilia mezani. Ilikuwa Kendall. Ililia tena kesho yake, Jumapili. Hakuishika.

Jumatatu jioni waliletwa wote wawili, mzee na mkoba wake wa dawa. Kendall alikuwa na macho mekundu na shati lililomwagikiwa supu. Hakuingia ndani. Alisema tu kwamba hakujua, na Oleta akamwambia sasa amejua, na kwamba kuanzia wiki hiyo Jumamosi zote ni zake, na akikosa kuja, baba yake atapelekwa mpaka mlangoni kwake na kuachwa hapo.

Mzee aliliangalia gari la mwanawe mpaka likatokomea.

"Alinipa chakula baridi," alisema. Kisha: "Mwishoni pale ziwani ulikuwa unavuta sawasawa."

Miaka ya nyuma neno hilo lingemtosha kuishi nalo mwaka mzima. Oleta alimvua viatu, akavipanga chini ya kitanda.

"Najua, Baba," alisema. "Lala."