Neno la Kufungia Ng'ombe

Mzungu mwenye shamba la miti ya miwati alipozungushia waya bonde letu, upande wa Kichiwa, hakuomba. Ng'ombe wa dada yangu Dorkasi walivuka kwenda kunywa maji waliyoyazoea, wakakamatwa, wakafungiwa zizini kwake. Watatoka, alisema, siku shemeji yangu Lameki atakapotia dole gumba kwenye karatasi kwamba bonde si lake.

Nyumbani alibaki ndama wa juzi, hajajua nyasi. Dorkasi akambeba mabegani, nami nikamfuata mpaka langoni pa zizi. Ukungu ulikuwa mzito, ng'ombe tuliwaona pembe tu, kama matawi yanayotembea juu ya maziwa.

Ufunguo alikuwa nao fundi wa matrekta, Benito, Mhispania aliyekimbia vita vya kwao. Kiswahili alikiokota kwa madereva wa malori Makambako.

"Bwana fundi, tufungulie," Dorkasi akasema.

"Mama, mwenye shamba kasema kufuli nisiguse."

"Kwenu mnaitaje, huku kufungia ng'ombe wa mtu?"

"Encerrar." Alilitamka taratibu, kama anayeonja uji. Jioni, alisema, baba yake aliwafungia kondoo ili mbwa mwitu wasiwale. Neno lilinukia majani makavu. Baadaye, walipovuka mpaka kukimbia vita, yeye na wenzake walifungiwa na askari ufukweni ndani ya waya, mchangani, bila paa. Neno lilelile. Na mama yake, habari hizo zilipomfika, alijifungia chumbani. Bado lilelile.

"Na hawa leo? Ni wa baba yako, au wa ufukweni?"

Ndama akalia, mama yake akaitika kutoka ndani ya ukungu.

"Basi nifungie na mimi," Dorkasi akasema. "Wewe umezoea, utanionyesha pa kulala."

"Una ulimi, mama."

"Ninao. Ng'ombe ndio sina."

Benito akaenda karakana, akarudi na spana. Kufuli hakuligusa. Alifungua bawaba za upande wa pili, moja baada ya nyingine, tukalilaza lango chini sote watatu, mnyororo na kufuli lake vimefungwa vilevile. Ng'ombe wakapita juu yake polepole, kama wanaota. Ndama akapata chuchu palepale njiani, tukasimama tukamngoja ashibe.

Kabla ya adhuhuri Benito alikuwa amefukuzwa, yuko juu ya lori kuelekea Makambako. Dole la Lameki halikugusa wino, mpaka alipokufa. Nawaambia haya ninyi mnaosema bonde tulilitoa kwa hiari.